Jani moja la mkonge: namna ya kuandaa ziara ya shule shambani na makumbusho, Tanga

Kila shule zinapofunguliwa mwezi wa saba, simu yangu huanza kuita kwa swali lile lile: "Mwalimu, mwaka huu watoto tuwapeleke wapi?" Wengi wanaouliza wameshajijibu. Watakwenda mapango ya Amboni, watapiga kelele popo waruke, watarudi na vumbi hadi masikioni. Sina ugomvi na Amboni. Ila mtoto wa Tanga huupita mkonge kila anapokwenda kumsalimia bibi yake Korogwe, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke, na ukimuuliza mkonge ni nini atakujibu, "Ni miiba." Na huenda babu yake aliletwa huku kwa sababu ya hiyo hiyo miiba.

Ziara ninayoieleza hapa ni ya siku moja: asubuhi shamba la mkonge upande wa Muheza, alasiri makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya boma la zamani la Wajerumani pale mjini. Nimeifanya na darasa la tano na la sita, mara nyingine vizuri, mara nyingine vibaya, na nitakwambia ilipoharibika. Mlioko Korogwe au Pangani mtageuza njia tu.

Sharti langu ni moja, na hapa huwa mkali: sehemu mbili, basi. Mtu atakushauri, "Amboni si iko hapo hapo, kilomita nane tu, mpitie," na mwingine atakumbuka makaburi ya Tongoni. Ukikubali, watoto watashinda kwenye gari. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini huo ni utani wa wageni wanaonogewa wakasahau kwao. Mwanafunzi lazima aondoke leo kweli, na saa kumi na moja jioni awe ameshakabidhiwa kwa mzazi wake.

1. Nenda mwenyewe kwanza

Wiki tatu au nne kabla, panda gari uende shambani peke yako. Simu haitoshi. Ukifika ofisini usiombe "kutembelea shamba", maana ukisema hivyo utazungushwa dakika ishirini, utapewa soda, utaagwa. Uliza mambo yenyewe. Korona inawashwa siku zipi na saa ngapi? Wakataji watakuwa kipande gani cha shamba wiki hiyo? Choo cha wasichana kipo wapi? Gari kubwa linafika mpaka wapi, na likikwama linavutwa na nini?

Kwa wasioijua, korona ni mashine ya kuchakata mkonge. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kukwanguliwa, na upande wa pili zinatoka singa, zile nyuzi, zikiwa zimelowa na kung'aa. Inakunywa maji mengi mno. Maji yakipungua haiwashwi, kipuri kikikatika haiwashwi, majani yakichelewa kutoka shambani haiwashwi.

Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza. Tulianzia makumbusho, tukafika shambani saa sita mchana, watoto 64, jua la utosi, na korona imezimwa tangu asubuhi. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mkataji aliyekuwa amekaa kivulini akisubiri hesabu yake. Alichukua jani, akaliweka juu ya gogo, akaanza kulikwangua kwa mgongo wa panga huku akiwauliza watoto mmoja mmoja, "Wewe kabila gani? Na wewe?" Akiambiwa Mbena anacheka, anasema maneno mawili matatu ya Kibena, akiambiwa Muha, hivyo hivyo. Lugha zote alizijifunza kambini, kwenye makazi ya vibarua wa shamba. Ile nusu saa ndiyo watoto wote waliyoiandika kwenye insha, na bango nililokesha nikilichora hakulitaja hata mmoja.

Tangu siku hiyo naanza na shamba, makumbusho yanafuata. Na kila ninapokwenda kupanga ziara naomba nikutanishwe na mzee wa zamani wa pale, nakaa naye, nanywa naye chai, namweleza watoto wana umri gani. Posho yake ndogo naiweka kwenye bajeti kabla ya soda za walimu.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tafuta mahali penye wakulima wadogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba kadhaa ya Korogwe, kama Hale, Ngombezi, Mwelya, Magunga na Magoma, yaligawiwa vipande kwa wakulima wanaochakata mkonge wao kwenye korona za pamoja na kujiunga katika vyama vya ushirika, AMCOS. Meneja atakwambia shamba lina hekta ngapi. Mkulima atamwambia mtoto palizi ilimla nini na alingoja miaka mingapi kabla ya kuona senti ya kwanza.

Kuhusu msimu, epuka masika. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za ndani ya mashamba ni tope linalonata kama ugali wa muhogo. Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma, watoto hawachoki haraka.

2. Karatasi na gari

Haya unayajua, nitayapitia mbio. Kibali kipite kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata mapema, si siku mbili kabla. Barua kwa wazazi iseme saa ya kuondoka, saa ya kurudi, mchango, nguo za kuvaa, na iwe na sehemu ya mzazi kuandika kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu au kinachomdhuru akila. Hiyo sehemu isomwe, isije ikafungiwa kabatini. Mwalimu mmoja kwa watoto kumi, na angalau mmoja awe wa kike wa kuwasindikiza wasichana.

Gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na idadi ya watoto iwe sawa na idadi ya viti. Kuna mwenye gari atakwambia watoto ni wadogo, wakae watatu kwenye viti viwili. Mwambie asante, tafuta mwingine.

Watoto ambao kwao mchango ni mzigo, usiwaite mbele ya wenzao. Mimi naongea na wazazi watatu wanne wenye uwezo kimya kimya, pengo linazibwa, na mtoto hajui nani kamlipia.

3. Wiki moja kabla: jani liingie darasani

Ukinibana niache hatua zote nibaki na moja, nitabaki na hii. Mtoto akifika shambani hajawahi kushika jani, ataona mashine inapiga kelele tu.

Mpe kondakta wa basi la Muheza nauli ya mzigo akuletee majani kumi mabichi, baada ya kupatana na watu wa shamba. Yakifika, kabla hujamwonyesha mtoto yeyote, kata mwenyewe ncha ya kila jani. Pale mwisho pana mwiba mmoja mweusi, mgumu kama msumari, na uko kwenye kimo cha macho ya mtoto wa darasa la tano.

Kila kundi lipewe jani moja. Walipime urefu, walipime uzito kwa mizani ya jikoni ya shule, waandike. Halafu mwalimu, akiwa amevaa glavu, aliweke juu ya ubao na kulikwangua kwa kisu butu au kipande cha bati lililokunjwa. Nyama ya kijani inatoka kwa shida, povu linamwagika, harufu yake ni kali na watoto wataziba pua. Utomvu unawasha, kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni viwe karibu. Baada ya muda zinaanza kuonekana singa, nyembamba, ndefu kama jani lenyewe. Mtoto mmoja awe na saa ya kupima. Sisi mara ya mwisho jani moja lilitugharimu dakika 23, na mikono yangu ikawasha mpaka jioni. Wakifika shambani waone korona inavyomeza majani bila kupumua, hutahitaji kuwaeleza mashine ni ya nini.

Zioshe zile singa, zianike kwenye kamba ya nguo, kesho yake zipimwe uzito. Hapa mwalimu wa hisabati anakaribishwa. Singa kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Robota moja la singa, yaani furushi lililoshindiliwa, linalokwenda bandarini lina kilo 250. Je, ni kilo ngapi za majani zilibebwa ili lipatikane robota moja? Watapata 6,250. Usiwape jibu, na wakishalipata, waulize nani alizibeba.

Siku ya pili nawapa habari ya punje. Mkonge si wa kwetu, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitishwa Hamburg, ikapandishwa meli nyingine kuja huku, na njiani ikafa na kufa. Iliyobaki hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Namwaga punje 1,000 za mahindi kwenye sinia, watoto wamezihesabu wenyewe mafungu ya mia mia, kisha nawaambia waondoe mpaka zibaki 62. Zile zilizobaki hata hazifuniki kiganja. Mashamba yote wanayoyaona dirishani yalianzia kwenye kiganja hicho. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa Tanga kuelekea bara, ikafika Moshi mwaka 1911. Niliwahi kuyafundisha haya mawili siku tofauti, nikajuta; yafundishe pamoja, kwa kuwa robota bila reli ni mzigo wa kichwani.

Siku ya tatu ni swali la nyumbani: "Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kufika Tanga alikuwa nani, alitoka wapi, alikuja kufanya nini?"

Hapa tulia, Mwalimu, pana utamu na pana kidonda. Wadigo, Wabondei na Wasambaa watarudi na jibu fupi: tupo tangu zamani. Lakini katika darasa langu la watoto arobaini na kitu, karibu kila mwaka kuna babu aliyetoka Kigoma, wengine Njombe, wengine Songea, wengine Msumbiji au Burundi. Wenye mashamba walikuwa wanatafuta vibarua mbali, na mwaka 1944 wakaunda ofisi yao ya kuandikisha, iliyoitwa SILABU. Mtu aliandikishwa kwa mkataba, akapewa namba, akasafirishwa. Kutokana na hizo namba wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini: siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, na kadi isipojaa hakuna mshahara.

Sasa, kuna nyumba ambako neno manamba bado ni tusi. Msichana mmoja alirudi kesho yake akasimama wima: "Mwalimu, baba amesema sisi si manamba, babu alikuja kwa hiari yake." Nilimjibu, "Sawa, andika hivyo hivyo: alikuja kwa hiari." Usimbishie baba wa mtu mbele ya mwanawe, na usimlazimishe mtoto kusema mbele ya darasa asichotaka. Asiye na jibu aulize jirani. Majibu tunayaweka kwenye ramani ya Tanzania ukutani, kila ukoo na uzi wake wa mkonge kutoka ulikotoka hadi Tanga. Nyuzi ni zile zile tulizokwangua.

4. Nguo, maji, na mambo ya kuogopa

Suruali ndefu kwa wote, wasichana wavae chini ya sketi au gauni. Viatu vya kufunika vidole. Kandambili zirudi nyumbani, hata kama mwenyewe analia. Kofia. Maji, lita moja kila mtoto kwa uchache, na ndoo za akiba kwenye gari.

Mitandio. Naiandika peke yake kwa makusudi. Karibu na korona na mashine ya brashi, ile inayosugua singa kavu, kuna mikanda inayozunguka, na mtandio unaoning'inia au tai ya shule ni hatari kuliko mwiba wowote. Hijabu ziingizwe ndani ya kola na kubanwa kwa pini kabla ya kushuka kwenye gari. Mwalimu wa kike akague mmoja mmoja. Tai zivuliwe, zibaki garini.

Mengine: nyoka hupenda kivuli cha mkonge, kwa hiyo hakuna mtoto anayeingia katikati ya mistari bila mtu wa shamba kutangulia. Hakuna kukimbia shambani hata kidogo, maana anayeanguka anaangukia ncha. Mifereji ya maji machafu ya korona inateleza. Chumba cha brashi kina vumbi la singa, mwenye pumu abaki nje na mwalimu, apewe kazi nyingine yenye heshima, asionekane ameadhibiwa. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na kibano cha kutolea miiba, maji safi ya kuoshea macho, na chumvi za kuongeza maji mwilini. Namba ya zahanati ya karibu iandikwe kwenye daftari, simu huzima chaji.

5. Asubuhi shambani

Kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nasema kuondoka, si kukusanyika. Ukifika Muheza jua bado jepesi.

Kabla ya lolote, salamu. Watoto wote wasimame, "Shikamooni!" kwa pamoja, wangoje kuitikiwa. Nimeshuhudia msafara wa shule nyingine ukiwapita wakataji kama wanavyopita miti, watoto wanawanyooshea vidole na walimu wanawapiga picha bila kuomba. Watu wale wako kazini na wanalipwa kwa walichokata. Kila dakika wanayotupa inatoka mfukoni mwao. Watoto wangu hufundishwa sentensi moja: "Samahani mzee, au mama, naweza kukuuliza swali ukiwa unaendelea na kazi?"

Nenda na jani, hatua kwa hatua. Anzia kwenye mmea. Mkonge hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu, majani ya chini tu, ya juu yanaachwa yaendelee kukua. Mwonyeshe mtoto mkono wa mkataji: ngumi inashika ncha, kisu kinapita kwenye shina la jani kwa pigo moja, ncha inakatwa, jani linatua juu ya wenzake. Pa! Pa! Pa! Waache wasikilize ule mdundo dakika tano bila mtu kusema kitu. Kisha wahesabu majani kwenye mzigo. Enzi za manamba mzigo ulikuwa wa majani 30, na mtu akapimiwa mizigo kadhaa ya siku. Waulize wenyeji leo wanapimaje, na mtoto aandike kwa maneno ya aliyemjibu.

Tafuta mkonge uliozeeka wenye mlingoti. Mmea ukishafikisha umri wake huota mlingoti mrefu kama nguzo ya umeme, juu yake vinachipuka vimiche vidogo vidogo, na mama mwenyewe anakufa. Watoto hunyamaza wakilisikia hilo. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 maisha yake yote. Ila pale Mlingano, kituo cha utafiti wilayani Muheza, ilizalishwa mbegu chotara inayotoa zaidi ya maradufu, na jina lake ni namba tu: 11648. Kijana mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo na mkonge nao ni manamba?" Sijapata kuandaa swali zuri kama lile.

Kwenye korona, makundi ya watu kumi kumi, si wote kwa mpigo. Chora mstari wa chaki au weka kamba ambayo hakuna anayevuka, na msimamizi wa mashine ndiye aamue iwekwe wapi. Kelele ni kubwa, usijaribu kufundisha pale. Maelezo yote yatolewe kabla, kule watoto waangalie tu vitu vitatu: jani linaingia likiwa vipi, linatoka likiwa vipi, na ule uji wa kijani unakwenda wapi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, wakati sehemu kubwa ya jani inaishia huko. Huko Hale wamewahi kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na gesi ya mabaki hayo ya mkonge. Mweleze mtoto hivyo akishashika pua yake mbele ya mfereji.

Mwishowe, uwanja wa kuanikia. Nyaya ndefu, singa zimening'inizwa kama nywele zilizooshwa, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Hapa ruhusu kugusa. Wanaochambua wakuonyeshe madaraja: singa ndefu na safi ziende 3L, zenye kasoro UG. Mpe kila mtoto nafasi ya kukisia kabla ya kuambiwa. Nilikisia mara nne, nikakosa tatu, wakanicheka sana.

Yule mzee mliyepanga naye azungumze mwisho, kivulini, watoto wamekaa chini. Dakika thelathini. Usimkatize ili "kurudi kwenye mada", akianza kueleza ngoma za kambini mwache, mada ndiyo hiyo.

6. Kula

Kuleni saa sita, kabla ya kuingia mjini. Kila mtoto na chakula chake: chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, machungwa ya Muheza yaliyonunuliwa palepale njiani. Chipsi na nyama zilizofungwa tangu alfajiri sizitaki, nilishakaa na ndoo ya matapishi kuanzia Pongwe mpaka mjini. Mikono ioshwe kwa sabuni mara mbili. Utomvu ukiingia jichoni siku imeisha.

7. Makumbusho

Wapigie makumbusho mapema, uwaambie idadi ya watoto na kwamba mnatoka shambani. Vyumba vya boma si viwanja. Gawa darasa mara mbili: nusu ndani na msimamizi, nusu nje kivulini wakichora ghuba, kisha mnabadilishana.

Ndani, mwalimu ana kishawishi cha kusoma kila kibao kwa sauti. Usifanye. Watoto wamechoka, na kilichoandikwa wanajua kukisoma. Ninachofanya ni kumpa kila mtoto kipande cha singa kutoka shambani, ashike mkononi, na kazi moja: tafuta picha moja ya zamani ambayo uzi huu ungeweza kuwamo. Ikiwa ni picha ya bandari, ya reli, ya vibarua, ya mzungu kwenye kiti, akae mbele yake dakika kumi. Nani amesimama, nani amekaa? Nani jina lake limeandikwa chini ya picha, na nani halikuandikwa? Mzigo uko kwa nani? Ukiwauliza baadaye, wale wasio na majina ndio wanaowakumbuka.

Watataka habari za vita. Novemba 1914 Waingereza walileta askari kutoka India kuiteka Tanga, wakashindwa na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, na nyuki walioshtuliwa mizingani wakawashambulia watu. Wape dakika tano za nyuki, wacheke, halafu rudisha uzi mkononi.

Wakitoka nje wasimame wakitazama bahari. Hapo ndipo nawaeleza mwisho wa safari ya jani. Kwa miaka mingi maji ya gati ya Tanga yalikuwa na kina kidogo, meli kubwa zikatia nanga mbali, na marobota yakapelekwa kwa matishari. Kina kimeongezwa miaka ya karibuni tu. Kule yalikokwenda yakawa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikashika soko, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, mengi yakafunikwa na kichaka, na kufikia mwisho wa karne tulikuwa tunazungumzia tani 20,000 hivi. Usilifanye somo refu. Mtoto aliyeona kambi zenye mabati yaliyooza asubuhi ile ataunganisha mwenyewe, na akiuliza kosa lilikuwa la nani, mrudishie swali, muda wa kubishana upo darasani.

Hesabuni watoto kabla ya kupanda gari. Halafu hesabuni tena kwa majina.

8. Kesho yake

Insha ya "Ziara yetu" yenye aya ya "tulifurahi sana" imenichosha, nimeifuta. Badala yake kila kundi linasokota kamba kwa mikono, kwenye paja, kama walivyoonyeshwa, urefu wa mita moja. Inafungwa kwa barua ya shukrani waliyoiandika watoto wenyewe, ikiwa na jambo moja mahususi waliloambiwa na mtu wa shamba, kwa jina lake la heshima. Barua napeleka mwenyewe. Yule mzee wa chai alikuwa na kamba mbili za miaka tofauti amezitundika mlangoni mwake, na moja, nakiri, imesokotwa vibaya.

Mkiwa shambani omba maotea mawili, vile vimiche vinavyoota pembeni ya mama. Yapandeni nyuma ya uwanja, mbali na njia ya watoto wadogo, na kila mwezi mtu akate ncha za miiba. Andika tarehe kwenye kibao na kwenye daftari la shule. Wa darasa la tano waliopanda watakuwa sekondari jani la kwanza litakapofaa kukatwa, kwa hiyo mkabidhi mwalimu wa darasa la nne daftari hilo sasa hivi, pamoja na kile kisu butu.